Binti Zamda na Waliolala Chini ya Mto Lala

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia asinzie kwa adabu, maana habari hii ni ya waliolala na ya aliyewaamsha.

Alikuwako sultani katika mji wa Mkondowe, jina lake Sultani Shahari bin Mngumi, na mji wake ulikuwa kando ya mto uitwao Lala. Na mto ule ulikuwa na tabia zake, masika ukija kwa kishindo na vifijo kama watu waletao bibi harusi, na kiangazi ukiondoka bila kuaga mtu, ukabaki mchanga mtupu, mbuzi wakavuka wasilowe kwato. Na katika mji huo palikuwa na tajiri mmoja, Masudi bin Jabu, na mabirika yote ya maji yalikuwa yake, na kila kiangazi mji mzima ulikunywa kwa mkono wake, na mkono wenyewe, wajukuu zangu, ulikuwa mkavu kuliko mto.

Mwaka huo kiangazi kilivuta miguu kikakataa kwenda, na watu wakawa wanalamba midomo. Ndipo Masudi akavaa joho lake akaenda barazani, akainama mpaka kilemba kikagusa busati, akasema, "Ewe maulana, Mwenyezi Mungu akuzidishie umri na utukufu. Mimi mtumwa wako nimekuja na posa. Namtaka binti yako Zamda. Ukiniridhia, mabirika yangu yatakuwa wazi kwa watu wako mpaka masika. Na usiponiridhia, basi, maulana wajua, mabirika yana vifuniko."

Sultani akainamisha kichwa, kwa kuwa kukataa ni kuua mji kwa kiu, na kukubali ni kumzika mwanawe yu hai.

Lakini Zamda alikuwa nyuma ya pazia, na Zamda yule, mdomo wake haukuumbiwa mlango. Akatoka kwa kishindo cha bangili, akapiga goti mbele ya baba yake akasema, "Baba, mahari ni haki yangu mimi, na mimi ndimi mwenye kuitaja. Sitaki dhahabu, sitaki hariri. Bwana Masudi na aniletee samaki wa Mto Lala, mzima, mwenye roho yake, leo hii kabla ya magharibi. Akimleta, niozeni. Asipomleta, afungue mabirika na anyamaze maisha."

Lo! Baraza likaangua kicheko. Samaki! Katika mto ambao hata chozi halimo! Sultani akafurahi mno, akaona mwanawe amemwokoa, akasema upesi, "Nimeridhia, na neno la sultani halirudi!"

Na Masudi naye akacheka. Akacheka kuliko wote, tumbo likamcheza kama ngoma, akapangusa macho, akasema, "Nami nimeridhia. Ah, nyinyi watu wa majumbani! Mto ukikauka, mwadhani samaki huenda wapi? Mbinguni?"

Akatoka. Na Zamda akaona kwamba yule bwana anajua jambo asilolijua yeye.

Hakungoja. Alijitupia ukaya usoni, akamshika mkono yaya wake, Bi Semeni, wakashuka mbio mpaka mtoni, na yaya akihema nyuma, "Mwanangu, mwanangu, magoti yangu si ya farasi!" Walipofika walikuta vibarua wa Masudi wamejaa mtoni toka ukingo mpaka ukingo, majembe yanapanda na kushuka, na Masudi amekaa chini ya mwavuli akipiga kelele, "Chimbeni! Atakayetoa mmoja mzima, nampa birika zima la maji, yeye na ukoo wake!"

"Wanachimba nini, yaya?" akauliza Zamda.

"Kambare mamba," akasema Bi Semeni, "samaki mrefu mwenye kuvuta pumzi kama wewe na mimi. Mto ukiondoka hujizika. Kwetu tuliwachimba kama mihogo."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe hutangulia kusema, ndipo ukafikiri!"

Zamda akaketi mchangani, akashika kichwa, akalia. Na pale alipoketi akasikia kitu kinamfinya. Akaruka. Palikuwa na tundu, na katika tundu ametoka kaa mwekundu, gando moja juu, akasema kwa hasira ndogo, "Ewe binti, huna adabu? Umekalia mlango wa watu!"

"Niwie radhi, bwana kaa," akasema Zamda, na kwa kuchanganyikiwa kwake akapiga mchanga kwa kiganja na kusema lililomjia, "Hodi!"

"Ah! Sasa umesema kama mtu," akajibu kaa. "Karibu ndani."

Na mara, subhana-Llah, mchanga ukafunguka ukammeza Zamda mpaka ukaya wake, na Bi Semeni akabaki ameshika kiatu kimoja.

Zamda akateremka kwa tundu la kaa lizungukalo kama ngazi ya mnara, na mchanga wa juu ulikuwa wa moto, na wa chini yake vuguvugu, na wa chini zaidi baridi, na mwisho mbichi, wenye kutoka jasho la maji. Akafika kwenye ukumbi uliopita chini ya mto wote, na nuru yake ilitoka kwenye matundu membamba kama mabua, kila tundu likileta uzi mmoja wa jua. Na Zamda akasahau machozi yake. Maana pande zote palikuwa na vyumba, vyumba juu ya vyumba, na katika kila chumba mtu amelala! Palikuwa na vyura waliojifunga shuka za ngozi yao wenyewe, wamebakiza ncha ya pua, na konokono waliofunga milango yao kwa komeo jeupe, na kobe waliojikunja wakawa kama masanduku ya wasafiri. Na katikati, katika vyumba vya udongo vyenye kung'aa, walilala kambare mamba, kila mmoja amejikunja mkia juu ya macho, amevikwa utelezi wake uliokauka ukawa laini kama hariri ya Hindi, na juu ya kila mmoja tundu moja la kupitishia pumzi. Na pumzi zao zote zilipanda pamoja na kushuka pamoja, hata ukumbi mzima ukawa kama kifua cha mtu mmoja mkubwa aliyelala.

"Ajabu!" akapaza sauti Zamda. "Yarabi, ni ajabu gani hii!"

"Shhh!" ikamjia sauti. "Taratibu, binti! Watu wamelala!"

Akageuka, akaona jini, mrefu kama mnazi, ndevu zake ni mizizi yenye kudondoka maji, na kidole chake ki mdomoni.

"Wewe nani?"

"Shhh! Naitwa Rutuba," akanong'ona jini. "Mfalme mmoja wa kale, mwenye pete ya kutawala majini, alinifunga kwa kiapo niwalinde hawa mpaka mto urudi, nisipaze sauti kamwe, hata chafya."

"Na ukitaka kupiga chafya?"

"Naimeza," akanong'ona jini kwa huzuni. "Miaka elfu, binti. Tumbo langu limejaa chafya."

Zamda alitaka kucheka, lakini papo hapo jembe likapasua dari. Udongo ukamwagika, na chumba kimoja kikavunjika vipande viwili, na aliyekuwa amelala humo hakuamka tena. Jini akafunika uso. Jembe la pili likashuka, na la tatu, huku na huku.

"Wazuie!" akasema Zamda.

"Siwezi. Mimi ni wa kulinda usingizi, si wa kupigana," akanong'ona Rutuba. "Lakini sikiliza, maana habari zako nimezisikia kwa kaa. Majembe yale ni mazito na wenye majembe wana pupa. Hawatamtoa hata mmoja mzima. Ukinyamaza hapa mpaka magharibi, umeshinda sharti lako, na utarudi kwa baba yako ukiwa huru."

"Na hawa?"

Jini akatazama majembe yakishuka, akafunika uso tena.

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko," akasema. "Mto wenyewe umelala huko juu milimani. Mwanadamu akiuita kwa jina lake kutoka humu chini, kwa sauti yake yote, utakuja kabla ya wakati wake. Nao wote wataamka, na wachimbaji watakimbia. Ila, binti, mto ukija na samaki wamejaa, Masudi hatahitaji jembe. Atachota samaki kwa kikapu."

Basi hapo, wajukuu zangu, pakawa pagumu. Zamda akasimama. Akamwona moyoni Masudi na tumbo lake, akayaona maisha yake yote ndani ya nyumba yenye vifuniko. Kunyamaza tu, na yu salama! Na wakati anasita, dari juu yake ikachakura polepole, si kwa jembe bali kwa vidole. Tundu likafunguka, na uso wa kijana ukachungulia, wenye vumbi na midomo iliyopasuka kwa kiu. Akatia mkono, akamgusa kambare aliyelala, mzima kabisa, akamwekea kiganja juu, akahisi pumzi. Na kule nyuma Masudi anapiga kelele, birika zima, birika zima! Kijana akameza mate yasiyokuwepo, akasema kwa sauti ndogo, "Niwie radhi, mzee. Endelea kulala." Akarudisha mchanga kwa mikono yake miwili.

Zamda akaona haya, haya iliyomchoma mpaka masikioni. "Yule ana kiu," akasema moyoni, "na mimi nina woga tu." Akajaza kifua pumzi, akainua uso, akapiga ukelele ambao yaya wake aliusikia juu ya mchanga:

"LALAAA! Ewe Lala, amka! Njoo, watu wako wanakufa!"

Mbali, milimani, kitu kikanguruma. Na Rutuba akaanza kutetemeka, akakunja pua, akasema, na safari hii hakunong'ona, "Kiapo kimekwisha! Binti, shika kobe!" Akapiga chafya. Loo! Chafya za miaka elfu kwa mpigo mmoja! Matundu yote yakalipuka kama fataki, mchanga ukaruka, vibarua wakatupa majembe wakakimbilia ukingoni, na yule kijana, jina lake Badawi, akawa anawasukuma walioduwaa, "Pandeni! Pandeni juu, mto unakuja!" Na mto ukaja. Ulikuja na povu na magogo na harufu ya mvua, vyura wakapasua shuka zao wakaimba, konokono wakafungua milango, kambare wakakunjuka kama mikanda ya fedha, na Zamda akaibuka katikati yao amepanda mgongo wa kobe, amelowa chapachapa, akicheka na kulia.

Lakini Masudi naye hakuwa mjinga. Alivua kilemba, akakitega penye maji, akanasa kambare mmoja, akamtia mtungini, na kabla ya magharibi alikuwa barazani.

"Maulana," akasema, "samaki wa Mto Lala, mzima, mwenye roho. Nipe mke wangu."

Sultani akamtazama Zamda, na macho yake yakajaa maji, kwa kuwa neno la sultani halirudi. Zamda akasema, "Baba, niliweka sharti mwenyewe. Sijuti niliyoyafanya."

Ndipo kambare akatoa kichwa mtungini, akavuta pumzi, akasema kwa lugha fasaha, "Enyi wenye baraza, amani juu yenu. Kadhi yuko?"

"Niko," akasema kadhi, na ndevu zimesimama.

"Nauliza swali la sheria. Mahari hutolewa na nani?"

"Na mwanamume, kutoka katika mali yake."

"Basi sikilizeni. Sisi tulikuwa nusu wafu chini ya mchanga. Huyu bwana alituvunjia nyumba, asimtoe mzima hata mmoja. Aliyetutoa wote, mimi nikiwamo, ni binti huyu, kwa sauti yake. Sisi ni mali ya ukelele wake. Sasa huyu bwana anataka kumwoa binti kwa mali ya binti mwenyewe?"

Kadhi akapiga paja lake. "Wallahi, hakuna mahari hapa! Bibi harusi hajilipii mahari! Posa imebatilika!"

Baraza likalipuka. "Masudi! Kamwombe na nguo ya harusi basi!" Na mwingine, "Fungua mabirika yako uyaoshe, bwana, maji tunayo!" Masudi akatoka akikanyaga joho lake, na kilemba chenye harufu ya samaki mkononi, na tangu siku hiyo mabirika yake yakawa wazi kwa wote, kama sharti lilivyosema, na hakuna aliyenunua tone kwake.

Kambare akarudishwa mtoni kwa ngoma na vigelegele. Na Zamda akamwambia baba yake habari ya kijana aliyemrudishia samaki mchanga wake naye ana kiu, na Badawi akaitwa, akaja na mama yake, kizee mcheshi, aliyesema, "Maulana, mwanangu hana kitu, ila hana pupa pia." Zamda alipoulizwa mahari, akataka mtungi mmoja wa maji ya mtoni, uliojazwa na mkono wa Badawi, na ukaletwa, na wakaozwa siku hiyo hiyo. Naye Rutuba, jini huru, alileta zawadi ya dhahabu yote ambayo mto uliizika mchangani tangu kale, akaimwaga barazani huku akiimba kwa sauti kubwa mbaya sana, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyamazisha. Zamda na Badawi wakakaa kwa neema, wakazaa, na Sultani Shahari akatoa amri kwamba kiangazi mtu yeyote asitie jembe katika mchanga wa Mto Lala.

Na mafunzo yake ni haya: usijenge usalama wako juu ya mgongo wa aliyelala, maana hana wa kumtetea ila wewe uliye macho.

Mimi sikuwako, nilipewa na bibi yangu, naye alipewa na wake. Aliyeipenda aichukue akawape wengine, na iliyemchosha aniachie, mimi bado sijaichoka.