Mwaa Mweusi wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa nyumba ishirini walichota maji katika kisima kimoja, kila nyumba kwa siku yake. Zamu zilisukwa kwenye ukili, utepe wa miyaa ya mkindu, kila nyumba na mwaa wa rangi yake, kwa kufuata siku. Ukili huo ulikaa kwa Kifaru peke yake.

Bi Pimbi akafiwa na mumewe. Mungu amrehemu, yeye na marehemu wetu wote. Akakaa eda ndani, kama desturi. Alipotoka, wanawe walikuwa wakiramba umande. Akaenda kisimani.

"Rangi yenu haimo," Kifaru akamwambia. "Zamu ya marehemu nimempa Fisi."

"Hi hi hi! Pole, shemeji!" Fisi akacheka.

Bi Pimbi akafuta machozi. "Mzee Kifaru, mchwa wakiula ukili wako, nani atakumbuka ulivyotuongoza? Tusuke upya. Wewe utaje rangi, na kila nyumba isuke ukili wake, ufanane na wako."

Kifaru akavimba kichwa. "Naam! Jina langu kila nyumba!"

"Na mwaa wangu mweusi uwe wa nne tu, baba."

"Haya, wa nne!" Kisha akamnong'oneza Fisi, "Usijali. Nitauchomoa."

Wakasuka mbele ya wote, chap, chap, chap.

Nyumbani, Kifaru akauvuta ule mwaa mweusi. Wapi! Kila mwaa ulikuwa umeshikwa na uliofuata. Ikambidi afumue, fyaruu, mpaka wa nne, asuke tena bila ule mweusi, huku jasho likimtiririka.

Siku ya nne akatangaza kisimani, "Nyeusi haimo!"

"Majirani," Bi Pimbi akasema taratibu, "toeni kili zenu."

Wakatoa. Nyeusi ya nne! Nyeusi ya nne! Nyumba kumi na tisa, zote nyeusi ya nne.

"Mzee, ungepita na kwetu kufumua," Digidigi akasema.

"Mimi nilipewa tu!" Fisi akaropoka, akatoka mbio.

Kifaru akainamisha pembe. Bi Pimbi akasema, "Bismillahi," akatumbukiza ndoo. Chubwi!

"Dada, umenifungua macho!" akasema Digidigi. "Na mimi nisuke ukili wa zamu za kuosha sufuria nyumbani?"

"Nyumbani una mkeo, na mnaaminiana. Kazi yote hiyo ya nini? Mwulize tu!"

Basi wanangu, haki ya wengi isikae mkononi mwa mmoja msiyeweza kumkagua.