Mkataba Wenye Nafasi ya Jina Moja

Aliye mbali asogee, aliye karibu anyamaze, maana hadithi hii haimalizwi na msimulizi.

Palikuwa na watu watatu katika mgahawa mmoja wa Korogwe, pale mabasi yanaposimama abiria wale. Mhando alijaliwa jicho la kusoma: hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi hakuyaacha. Pius alijaliwa mkono wa kutunza: karatasi iliyoingia mkononi mwake haikupotea. Saumu alijaliwa sikio la jikoni: alijua wali umeiva kwa kusikiliza sufuria, bila kufunua kifuniko. Mhando na Saumu walikuwa ndugu, watoto wa Mzee Mbwana mwenye mgahawa. Pius hakuwa ndugu. Alikuwa mchoma kuku, miaka kumi na tisa kwenye moshi uleule.

Na mzigo wa kuamua ulimwangukia mama wa hao ndugu wawili, Bi Mwantumu.

Mgahawa ulikuwa wa Mzee Mbwana, lakini jina halikuwa lake. Jina na bango jekundu vilikuwa vya kampuni ya Sinia Kuu ya Dar es Salaam. Mzee alipewa ruhusa ya kulitumia jina, naye akaahidi kupika kwa vipimo vyao na viungo vyao. Mkataba ulisema: mgahawa hauhamii kwa mtu mwingine, awe mnunuzi au mrithi, bila idhini ya kampuni. Na mwenye mgahawa akifariki, kampuni ipewe taarifa ndani ya siku thelathini. La sivyo, mgahawa unakuwa wa kampuni.

Mzee akafariki siku ya Jumanne.

Watu wa nyumba ile hawazungumzi urithi kabla ya arobaini. Kaburi bado bichi, unaulizaje funguo? Wakasoma hitima, wakasubiri. Kampuni haikuhesabu arobaini, ilihesabu thelathini. Siku ya thelathini na saba ikaja barua, na nyuma ya barua akaja afisa na karatasi ya kukabidhi mgahawa. Mnunuzi alikwisha kupatikana.

Bi Mwantumu alikuwa ndani ya eda. Hakutoka nyumbani, wala hakukaa uso kwa uso na mwanamume asiye maharimu wake. Afisa akawekewa kiti sebuleni, Bi Mwantumu akakaa nyuma ya pazia la chumba.

"Mama, ingefaa uje Dar es Salaam, utie saini mbele ya mwanasheria."

"Siendi."

"Basi tia hapa."

"Sitii."

"Mama, siwezi kubishana na pazia."

"Usibishane. Pazia halijakuita."

Afisa akacheka kidogo, kisha akaacha. "Siku nane. Tunakuja kuteremsha bango."

"Njooni na ngazi ndefu," akasema Bi Mwantumu. "Mume wangu alilipandisha juu sana."

Mlango ulipofungwa, akawaita watoto.

Ndipo Mhando alipoomba mkataba. Alikuwa mwalimu Handeni. Akaomba ruhusa kazini, akakaa siku mbili na kurasa hamsini na mbili ambazo baba yake alizitia saini bila kuzimaliza. Ukurasa wa thelathini na tisa akakuta neno: taarifa ya kifo si lazima iwe barua. Yanatosha maandishi yoyote yaliyopokewa na mtumishi yeyote wa kampuni.

"Na nani aliwaandikia?" Saumu akauliza. "Sote tulikuwa matangani."

Ndipo Pius alipofungua bati lake la biskuti. Siku ya tatu ya msiba lori la kampuni lilileta viungo na mafuta, na kwenye mlango wa nyuma alikuwapo yeye peke yake. Alipokea mzigo, na kwenye hati akaandika kwa mkono wake: *Mwenye mgahawa, Mzee Mbwana, amefariki Jumanne. Tumefunga hadi Jumatatu.* Dereva akatia saini na kugonga muhuri wa Sinia Kuu. Pius hakujua kwamba anaokoa kitu. Mzee alimfundisha tu kuwa mzigo haupokewi kimyakimya, na nakala haitupwi.

Ilipopelekewa nakala, kampuni haikuweza kuukana muhuri wake. Lakini haikukubali pia. Ikasema jiko likaguliwe kwanza. Likikosea, idhini haitolewi.

Mkaguzi alikuja bila taarifa, saa saba mchana, mabasi matatu yamesimama kwa mpigo. Pius alikuwa Tanga kwa wakili na hati yake, Mhando amerudi darasani. Kuku na wali vyote vilikuwa juu ya Saumu.

"Nataka sahani ishirini," akasema mkaguzi, akiweka mizani mezani, "na abiria wasicheleweshwe."

Saumu akajifunga kanga kiunoni. "Pima mpaka uchoke, kaka yangu."

Akainamisha sikio kwenye sufuria, akangoja, akapakua. Sahani ishirini zikapimwa na kuonjwa. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua, na mabasi yakaondoka kwa wakati. Mkaguzi akaomba ya ishirini na moja.

"Hiyo ya kupima au ya kula?"

"Ya kula," akakiri.

Idhini ikaja, na sharti lake: jina moja. Mwenye jina ndiye mwenye mgahawa, naye ndiye atakayeamua nani abaki na nani aondoke.

Bi Mwantumu akaandika majina matatu. Fomu ikarudishwa. Akayaandika tena, kwa herufi kubwa zaidi. Ikarudishwa tena: mwisho Ijumaa, au idhini inafutwa.

"Weka lako, Mama," akasema Mhando.

"Hawataki aliyepita miaka sitini. Wanadhani nimekwisha."

Akamwita shehe. Shehe akajibu, "Vinavyogawanyika nimevigawa. Hiki si urithi, Bi Mwantumu, ni ruhusa. Mpe unayemwona."

Watatu wakaanza kutaniana uani, naye akawasikia.

"Nisingesoma, bati la Pius lingebaki la biskuti," akasema Mhando.

"Na bila bati, mwalimu, kurasa zako zingefungiwa karanga," akajibu Pius.

"Na bila jiko?" Saumu akadakia. "Mngepewa idhini ya kuuza maji?"

Wakacheka. Lakini Bi Mwantumu hakuona wa kumwandika.

Maana Mhando akipewa, atauendesha kwa simu kutoka Handeni. Saumu akipewa, mumewe anataka wahamie Mwanza. Na Pius akipewa, shemeji zake Bi Mwantumu walikwisha kuja kulalamika: jasho la Mbwana liende kwa mtu wa nje?

"Na miaka kumi na tisa kwenye moshi," aliwauliza, "mliyemwona pale akitoka jasho alikuwa nani kati yenu?"

Lakini hawakukubali.

Sasa ni Ijumaa. Mjumbe wa kampuni amekaa sebuleni. Fomu iko mapajani mwa Bi Mwantumu, kalamu iko mkononi.

"Mama, muda," anasema mjumbe.

"Mlituhesabia siku. Hamtatuhesabia pumzi. Ngoja."

Aliyesoma, bila aliyetunza, asingekuwa na ushahidi. Aliyetunza, bila aliyesoma, asingejua anacho. Aliyepika, bila hao wawili, asingefikiwa na mkaguzi. Nafasi kwenye karatasi ni ya mmoja.

Haya, mliosikiliza, semeni kabla hajaandika: ninyi mngemwandika nani? Na wale wawili mngewaambia nini?