Uso wa Madame Léonie

Sauti ya Daniella ilijulikana Goma nzima. Kila asubuhi, wakati akina mama wa soko la Kituku wakipanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mezani na waendesha pikipiki wakipangusa vumbi jeusi la volkano kwenye viti vyao, sauti hiyo ilisoma habari redioni, nyororo, isiyokwama hata kwenye majina magumu. Wengi waliipenda bila kumwona mwenyewe, naye alimshukuru Mungu kwa hilo, maana uso wake ulikuwa umejaa chunusi kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Kwa hiyo Papa Grégoire, mkurugenzi wake, alipomwambia kwamba redio yao inafungua televisheni, na kwamba yeye angejaribiwa mbele ya kamera baada ya Pasaka, binti huyo alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Kazi hiyo aliitamani kwa kufa na kupona.

Mama yake, Marcelline, mchuuzi wa sambaza, hakuona tatizo. Maji ya samaki yalikuwa yamemchubua mikono hadi ikatoka damu, na Daktari Célestin wa magonjwa ya ngozi alikuwa ameiponya. Akamnyooshea bintiye viganja.

"Wende kwa docteur Célestin. Ule njo alisomea mambo ya ngozi. Angalia mikono yangu."

Daniella alikwenda, lakini moyo wake uligoma pale pale mlangoni. Uso wa daktari ulikuwa na mashimo ya chunusi za zamani, mashavu yote mawili, kama barabara ya mtaani iliyopitiwa na lava. Alimwuliza maswali mengi: anapaka nini, anakula dawa gani, hedhi yake inakwendaje. Mwishowe akamweleza kwamba matibabu yangechukua miezi, na kwamba huenda uso ukachafuka kidogo kabla ya kutulia. Daniella aliitikia kwa adabu, kisha akaitupa karatasi ya dawa kabla hajafika nyumbani.

"Mama, ule hawezi kuniponesha," alisema. "Uso yake mwenyewe imemushinda. Mutu atakuuzisha sabuni namna gani, na nguo yake iko chafu?"

"Mimi aliniponesha mikono," mama akajibu. "Uso yake inakuhusu nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Kule mtaa wa Katindo alikuwako Madame Léonie, mwenye nyumba ya vioo, koti jeupe, na uso laini kama yai lililomenywa. Watu walimwita docteur, na hakuna aliyewahi kumwuliza alisomea wapi. Wangemwulizaje? Uso wake ndio uliokuwa cheti chake, na wateja walikisoma tangu mlangoni wakaridhika.

"Angalia mimi, chérie," alimwambia Daniella huku akimsogezea kopo lisilo na jina. "Hautaki kuwa namna hii? Pakala asubuhi na mangaribi."

"Ndani muko nini?"

"Ile ni siri ya kazi yangu."

Mambo yalianza kwa raha kweli kweli. Chunusi zilizama, mashavu yakang'aa, na majirani wakaanza kumsimamisha njiani ili wamtazame vizuri. Daniella alitembea kifua mbele kama aliyekwisha kupewa kazi. Hata mama yake alianza kudhani labda ni yeye aliyekosea. Baada ya muda ngozi ilianza kuwaka moto kila alipopigwa na jua, naye, badala ya kuacha, akazidisha kupaka. Kisha kopo likaisha. Alikimbilia Katindo akakuta mlango umefungwa, na mlinzi akamwambia kwamba Madame amesafiri.

Siku chache bila dawa zilitosha. Chunusi zilirudi na jamaa zao wote, zikiwa na usaha, na chini yake ngozi ikavimba na kuwa nyekundu. Asubuhi ya majaribio alijipaka poda tabaka juu ya tabaka, akaketi mbele ya kamera. Taa zilipowashwa, jasho likaitelemsha poda yote.

Papa Grégoire alisogea karibu naye.

"Daniella, mutoto yangu," alisema polepole, "nani alikufanya hivi?"

Daniella aligeuka akajiona kwenye skrini. Mdomo ulifunguka, lakini ile sauti iliyopendwa na mji mzima haikutoka. Kabla juma halijaisha, kile kiti cha televisheni kilikuwa kimepata mtu mwingine.

Mama Marcelline hakumgombeza. Alimshika mkono wakaenda kwa Daktari Célestin, wakaketi ukumbini karibu na mwanamke mmoja aliyejifunika kitenge hadi machoni. Daktari alipotoka na kumwona Daniella, alishtuka, akainama kumchunguza.

"Chunusi zitapona," alisema. "Ila ngozi imekwisha kuwa nyembamba, na ile itatuomba uvumilivu. Ulipakala nini?"

Daniella aliona haya kumtazama. Macho yake yakaangukia kwenye yale mashimo.

"Na chunusi zenu, docteur? Juu ya nini hazikupona?"

"Wakati nilikuwa kijana, hapakuwa docteur wa ngozi hapa," alijibu bila kukasirika. "Njo maana nilienda kusoma."

Daniella alitamani ardhi ipasuke immeze. Akatoa lile kopo tupu kwenye mkoba, akampa. Alipoliona kopo hilo, mwanamke aliyejifunika akainuka kwa haraka ili atoke, na kitenge kikamponyoka.

Alikuwa Madame Léonie. Mashavu yake yalikuwa mekundu, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa ya damu ikionekana waziwazi, na kidevu kizima kimejaa vidonda.

"Docteur Léonie?" Daniella aliuliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Usiniite docteur," mwanamke alijibu, machozi yakimtoka. "Mimi pia nilikuwa napakala ile ile."

Daktari Célestin alimwokotea kitenge, akamrudisha kitini kwa upole. Daniella akautazama ule uso alioufuata hadi akapoteza uso wake na kazi aliyoitamani, akakubali kwamba kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.