Upatu wa Bi Mize

Hapo zamani, wakati kanga ikifuliwa mara mia na maandishi yake bado yanasomeka, palikuwa na mwanamke wa mji wa Kiungwe, Bi Mize. Ndiye aliyeanzisha chama cha lelemama, ile ngoma ya kina mama, pale. Alikuwa na upatu wa shaba. Akiugonga tu, sufuria ziliachwa zikiungua jikoni.

Bi Mize alifiwa na bintiye wa pekee, Kibibi. Akamtungia ubeti. Kila ngoma ikifika mwisho aliugonga upatu, akaimba, "Kibibi yuko wapi?" na wanawake wote wakaitikia, "Yupo nasi!" Moyo ukatulia, mpaka ngoma nyingine.

Mumewe akapata kazi ya reli, bara huko. Siku ya kuondoka Bi Mize akawaita Mwanakombo, Riziki na Chiku.

"Mashoga zangu, nitunzieni chama. Nikirudi nataka kumsikia mwanangu. Atakayekuwa amekitunza, upatu huu wake."

Akaufunga ndani ya kanga, akaenda nao.

Miaka ikapita. Zikaja spika, zikaja nyimbo za mjini, wasichana wakawa wanapiga miayo lelemama ikianza. Chama kikakaa kikao. Kikao gani! Mimi simsengenyi mtu, lakini vikombe viliruka.

Mwanakombo akasema, "Asiguse mtu mpigo wa Bi Mize. Kutunza ni kutogusa."

Riziki akacheka. "Shoga, unatunza ngoma au unatunza vumbi? Kitu hai hulishwa. Leteni spika!"

Chiku akasema, "Jamani, nguo ikichanika si hutiwa kiraka? Tupunguze kidogo, tuongeze kidogo."

Wakaachana, kila mmoja na uwanja wake, kila mmoja akiapa kuwa chama ni yeye.

Mwanakombo hakugusa kitu. Wenziwe wengine walikufa, wengine wakahamia kwa wajukuu. Akabaki anaimba yeye na paka wake.

Riziki alijaza wasichana mia. Viuno hivyo, msiniulize! Wimbo wa zamani hawaujui hata mmoja.

Chiku alitia viraka. Mwaka huu kaongeza kinanda, mwaka ule kakata ubeti. Watu arobaini walimfuata. Ila siku moja alikata ubeti wa Kibibi. Eti unaenda polepole mno.

Bi Mize akarudi. Mjane, macho yana ukungu, upatu kaukumbatia kama mtoto mchanga.

Kwa Mwanakombo alisikia ubeti wote, neno kwa neno. "Kibibi yuko wapi?" Akangoja kuitikiwa. Paka akapita.

Kwa Riziki alisikia sauti mia. Jina la mwanawe hamna.

Kwa Chiku alisikia mpigo anaoujua, akatabasamu, akaungoja ubeti. Ngoma ikaisha.

"Na mwanangu, Chiku?"

Chiku akainama. Kisha akatoka mbio, akawaendea wale wawili ambao hawakuwa wakisalimiana hata msibani. "Nilaumuni mnavyotaka, lakini alasiri tukutane uwanjani kwa Riziki."

Wakaja, Bi Mize akakaa mbele; Chiku akawafundisha wasichana yale maneno mawili ya kuitikia. Mwanakombo, sauti imepasuka, akaimba, "Kibibi yuko wapi?" Wasichana mia wakatazamana, hawajui waingie wapi. Chiku, aliyeijua mipigo yote miwili, wa zamani na wa mjini, akainua mkono, akaushusha. "Sasa!"

"Yupo nasi!" Mabati yakatikisika.

Bi Mize akasema, "Kumbe yupo." Akauweka upatu chini, katikati yao. Haijafika Ijumaa, akafariki. Hakumtaja mtu wa kuuchukua.

Matanga hayajaisha, ndimi zikaanza.

"Bila mimi jina lingepotea," akasema Mwanakombo.

"Jina lisiloitikiwa ni la kazi gani, dada? Hizo sauti nani kazilea?" akasema Riziki.

"Na nani kawakutanisha?" akasema Chiku.

"Wewe?" wakamgeukia wote wawili. "Wewe si ndiye uliyemkata mtoto wa watu!"

Upatu umetundikwa ukutani kwa marehemu, unaota kutu ya kijani. Tangu siku ile Kibibi hajaulizwa yuko wapi, maana sasa upatu wameachiwa wao: anayeuliza lazima kwanza augonge, na anayeugonga kajitwalia.

Haya, nyie mnaojua kusema: nani aushushe?