Kwa Nini Vidole Hupauka na Malaika ya Mwili Husimama Baridi Ikija

Zamani, huko kwenye milima ya Njombe, mwili wa mtu ulikuwa mji usiofungwa mlango. Mama Ngozi, aliyekaa ukingoni, hakumfukuza mgeni. Jua alikaribishwa, Upepo akapewa kigoda. Damu, mwanawe kitindamimba, alibeba moto hadi ncha za vidole kuwasalimu wote. Mama Ngozi aliwatazama akacheka hadi machozi. Siku tamu hizo.

Mwezi wa sita akaja Baridi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mgeni. Kaa."

Damu akamletea moto. Baridi akaunywa kama ulanzi, pombe ya mianzi, akaomba mwingine, na mwingine. Siku ya tatu Damu alirudi midomo imekuwa ya buluu, na kule ndani Mzee Moyo, babu yake, akaanza kupiga kwa kusitasita. Mzee akinyamaza, mji umekwisha.

Wakubwa wakaitisha kikao. Tumbo akawa mwenyekiti, nani mwingine? Wakaunda kamati. Mafuta ya Kahawia, aliyeshinda kijiweni katikati ya mabega, akanyoosha mkono. "Mabosi, mimi nimesomea moto."

"Una uzoefu wa miaka mingapi?" Wakamcheka.

Bibi Ubongo hakungoja kamati. Alimwita Mjumbe, yule ambaye watu wa maabara leo humwita noradrenalini. "Kila mlango una sikio lake. Gonga, sema neno moja tu: Baridi. Kila sikio litasikia kazi yake."

Mjumbe akagonga kwa Mama Ngozi. Mama akasikia: funga. Kumfungia mgeni! Hakuwahi. Lakini pigo la Mzee likachelewa tena.

"Damu, mwanangu, rudi ndani kwa babu yako." Akavuta milango yote, akalia nyuma yake.

Mjumbe akagonga katikati ya mabega. Sikio la huko likasikia: washa.

"Oya! Leo ndiyo mmeiona CV yangu?" Mafuta akafoka, na huku anafoka anawaka. Mzee Moyo akapiga, akapiga tena, akashika mwendo.

Na tangu siku hiyo, baridi ikija vidole hupauka, na bibi anayempapasa mjukuu mchanga hukuta joto katikati ya mabega. Malaika, vile vinyweleo vya ngozi, husimama wima. Watu husema vinaogopa. Wapi! Mama Ngozi amevituma vichungulie nje, kama Jua amerudi, afungue.