Pimbi na Maneno Matatu ya Kiingereza

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla Kiingereza hakijafika mijini, kilikuwa kimeshafika porini. Kililetwa na Korongo, aliyekuwa akienda Ulaya kila mwaka na kurudi koo limejaa maneno. Na kwa kuwa Korongo alikuwa amepanga chumba juu ya jabali la Bi Pimbi, mwanafunzi wake wa kwanza, na wa pekee, alikuwa Bi Pimbi mwenyewe.

Pimbi mnamjua? Kamnyama kadogo, kanene, hakana mkia. Ukikaona kwa mbali utadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani.

Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu: Kokoto, Changarawe na Vumbi. Alikuwa na wasiwasi wa kutosha watoto thelathini. Kila asubuhi aliwahesabu: mmoja, wawili, watatu. Kisha akarudia, maana huenda mara ya kwanza alikosea. Kisha akawahesabu kutoka mwisho, maana nani ajuaye?

Basi mwaka mmoja masika ilishuka kwa fujo. Bonde zima likawa uji. Mahali pakavu palibaki pamoja tu, pango la Bi Pimbi kule juu ya jabali, lenye jiko lake na moto wake.

"Hodi! Hodi hapa!"

Bi Pimbi akachungulia. Lo! Nyati amesimama, tope mpaka magotini. Nyuma yake Fisi, anatiririka maji, anacheka bila sababu.

"Karibuni," akasema Bi Pimbi. Mtu akibishiwa hodi atasema nini tena?

Neno hilo ndilo lililomponza. Katika nchi ile, mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Anakaa mpaka aage mwenyewe. Akiaga vizuri, anasindikizwa, na anaweza kurudi siku yoyote apendayo. Akitoka bila kuaga, basi amejifungia mlango kwa mkono wake, haingii tena nyumba ile mpaka masika nyingine.

Nyati na Fisi hawakuaga. Siku ya kwanza hawakuaga, ya pili hawakuaga, na ya tatu Nyati alikuwa ameshajua pembe ipi inaegemea wapi. Alijaa pango lote kama mkate uliofura ndani ya sufuria. Fisi alijinyoosha kando ya jiko. Mwenye nyumba na wanawe walisukumwa mpaka mlangoni, na matone yakawa yanamdondokea Kokoto utosini: tii! tii! tii!

Siku ya nne Kokoto akaanza kukohoa. "Koho! Koho!"

"Shemeji Fisi," akasema Bi Pimbi kwa upole, "hivi safari yenu ni lini?"

"Ah, shemeji! Si tumefika jana tu?"

"Mmefika Jumatatu, saa nne asubuhi. Leo Alhamisi."

"Haya, Mzee Nyati, sikia hayo! Tunahesabiwa siku!" Fisi akacheka. "He-he-heee! Jamani, ustaarabu uko wapi?"

Bi Pimbi akatoka nje. Akashuka chini ya jabali kuchuma majani ya kumchemshia Kokoto, na hapo akaona kitu. Siafu. Siyo jeshi, la. Watano tu, wale wapelelezi, wananusa njia.

Sasa mjue kwamba siafu walipita hapo kila masika, na njia yao ilikuwa ile ile: wanapanda jabali, wanaingia pangoni, wanatokea upande wa pili. Bi Pimbi hakugombana nao. Aliwatoa watoto, akawakalisha kwenye kijukwaa cha jiwe, akamwaga jivu kuwazunguka, maana siafu havuki jivu. Mchana wakishapita alirudi na kukuta nyumba safi, hakuna kupe, hakuna mende.

"Lakini nikiwaambia hawa wawili," akawaza, "watatoka nami, watakaa jivuni, na watarudi nami. Nisipowaambia, sheria itanibana. Mwenye nyumba asiyemwonya mgeni wake hunyang'anywa nyumba. Sasa nifanyeje? Niwaambie, halafu iweje?"

Akapanda na majani yake mdomoni.

Alimkuta Nyati ameinamisha kichwa, hana raha.

"Bi Pimbi, mama," akasema Nyati, "nasikia unajua Kiingereza."

"Kidogo, Mzee wangu."

"Nina jambo limenikaa moyoni. Kwenye baraza la Simba, yule Kasuku karani, mdakizi wa maneno ya Korongo, alinisimamisha mbele ya watu wote akaniita 'gullible'. Mimi nikajua nimesifiwa. Nikasema: asante sana mheshimiwa! Nikapiga makofi. Baraza zima likacheka mpaka Twiga akakaa chini. Hebu niambie, neno lile ni nini?"

Fisi naye akajikohoza. "Mimi waliniita 'naive'. Na siku nyingine 'foolish'. Nikamwandikia mama barua kumpa habari njema."

Bi Pimbi akawaangalia. Akawaonea huruma, kusema kweli. Kisha akasikia nyuma yake "koho! koho!" na huruma ikapungua.

"Ni maneno ya upumbavu, yote matatu," akasema. "Lakini Korongo alinifundisha kwamba neno la namna hiyo hulishiki mpaka ushike kinyume chake. Hujui baridi mpaka uote moto. Tuanze na 'gullible'. Huyo ni mtu anayeamini kila anachoambiwa. Kinyume chake ni yupi?"

"Asiyeamini kitu!" akafoka Nyati.

"Hasa. Umwambie jua limechomoza, anatoka kwenda kuligusa kwanza. Jaribu. Mzee Nyati, mvua inanyesha."

"Uongo!" akanguruma Nyati, na huku mkia wake ulio nje umeloa chepechepe.

"Shemeji Fisi, una masikio mawili."

"Nani kasema? Nileteeni ushahidi!"

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Bi Pimbi hakucheka. Jibu alilolitafuta kule chini lilikuwa limekuja lenyewe, limekaa mbele yake, lina pembe mbili.

"Vizuri mno," akasema. "Sasa 'naive'. Huyo hajaona mengi, kila kitu kwake ni kioja. Kinyume chake ni aliyekwisha kuona yote. Huyo hashtuki. Likitokea lolote, anasema tu: kawaida."

Changarawe, mtoto mtundu yule, akachukua kiazi cha moto jikoni akamwekea Fisi mguuni. Chiii!

Fisi akatoa macho. Midomo ikamcheza. "Ka... ka... kawaida."

"Hodari! Na la mwisho, 'foolish'. Huyo ni mjinga anayepayuka. Kinyume chake ni mwenye hekima. Mwenye hekima hapigi kelele wala hakurupuki. Anatulia pale pale alipo, anafumba macho, anatikisa kichwa, anasema mmh."

"Mmh," akasema Nyati, macho kayafumba.

"Mmh," akasema Fisi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akakaa dakika nzima bila kucheka.

"Na cheti je?" akauliza Fisi akifumbua jicho moja. "Tutapata cheti?"

"Cheti ni mpaka mtihani."

"Mtihani lini?"

"Ah, shemeji. Wasomi hawaulizi hivyo."

Ijumaa ikapita wanafanya mazoezi. "Mzee, wewe ni nyati." "Sikubali!" "Mzee, pembe yako imenichoma." "Kawaida." Pango zima mmh, mmh, mmh, kama mzinga wa nyuki. Na Bi Pimbi akashuka chini ya jabali mara nne. Siafu walikuwa saba. Kisha tisa. Kisha, saa kumi jioni, hakumwona hata mmoja. Je, wamebadili njia? Je, mwaka huu hawaji? Kokoto naye hakuweza tena kumaliza sentensi bila kukohoa.

Jumamosi asubuhi aliamka kabla ya wote. Akasikia kitu. Chwaaaa... Kama manyunyu juu ya majani makavu, lakini mvua ilikuwa imekatika, na majani makavu hayakuwapo.

Akachungulia. Walikuwa mkanda mweusi, mpana kama mgongo wa chatu, unapanda jabali.

"Vumbi, Changarawe, Kokoto! Nje!" Akawasukuma hadi kwenye kijukwaa, akamwaga jivu pande zote, akahesabu watoto, akarudi mbio pangoni.

"Wageni wangu! Amkeni! Siafu wanakuja!"

Nyati akafumbua jicho. Akalifumba. "Siamini."

"Mzee wangu, nakuambia kweli tupu. Siafu, jeshi zima! Tokeni mje kwenye jivu!"

Fisi akamkonyeza Nyati. "Umeona? Ndio mtihani huo!"

"Siyo mtihani!" akalia Bi Pimbi, na wanangu, hakuwa anaigiza. Alikuwa amepanga wasisikie, lakini sasa alipowaona wamelala pale, wanene, wamestarehe, nusu ya moyo wake ilitamani wasikie. "Huu si mtihani, shemeji! Haki ya Mungu!"

"Na hivyo ndivyo mwalimu angesema kama ungekuwa mtihani," akasema Fisi. "Sisi wa kuamini? Nenda kampelekee Kasuku!"

"Mara ya tatu nasema, na Korongo kule juu ni shahidi: siafu wako mlangoni!"

"Nimewaona!" akapaza sauti Korongo kutoka juu. "Wako mlangoni!"

"Kumbe mmepangana!" Nyati akajigeuza upande wa pili kwa raha. "Mmh."

Bi Pimbi akaruka nje, hop! hop!, akatua ndani ya duara la jivu, akawakumbatia wanawe.

Siafu wana adabu yao. Hawaumi mmoja mmoja. Wanapanda taratibu, laini, kama mtu anakupapasa na unyoya. Wanajipanga. Mguuni, tumboni, kwapani, ndani ya sikio. Kisha mmoja wao, sijui yupi, anatoa amri.

"Mzee," Fisi akanong'ona, "na wewe unasikia kama kuna kitu kinatembea?"

"Mmh."

"Ni vitu vingi, Mzee."

"Ka-wai-da," akasema Nyati, lakini sauti ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi.

Nye!

Chozi likamtoka Nyati. Fisi akauma ulimi wake mwenyewe ili aume kitu.

"Kwenye mtihani... hatukurupuki..." akahema Fisi.

"Hatu... hatupayuki..."

Nye! Nye! Nye! Nye! Siafu mkubwa, yule wa taya kama koleo, akaingia pua ya kushoto ya Nyati. Na mwenzake akafika kwa Fisi, mahali ambapo sitawatajia.

"YALAAAAA!"

"UWIIII! Mama yangu! Nakufa! Nakufaaa!"

Wakakurupuka pamoja, na mlango ulikuwa wa mtu mmoja. Kwaa! Vichwa vikagongana. Wakanasa. Nyati akasukuma, Fisi akachomoka kama kizibo, na wote wawili wakashuka jabali, biringi, biringi, biringi, mpaka bondeni. Tubwi!

"Wageni wangu!" Bi Pimbi akaita, shingo kaitoa nje ya duara. "Mbona mnaondoka hamjaaga?"

Nani wa kujibu? Nyati alikuwa anajigaragaza matopeni miguu juu, na Fisi alikuwa anazunguka akifukuza nyuma yake mwenyewe.

Siafu wakapita. Saa saba mchana mkanda ulikuwa umeshukia upande wa pili, na pango lilikuwa safi, halina kupe, halina mende. Bi Pimbi akakoka moto, akamlaza Kokoto kando yake pale pale Fisi alipokuwa akijinyoosha, akamnywesha majani yaliyochemka.

Mara, kutoka chini kabisa ya jabali, pale ambapo sheria iliwaruhusu kufika: "Bi Pimbi! Bi Pimbi mama!"

Alikuwa Nyati, pua imevimba kama boga. Fisi kasimama pembeni, maana kukaa hakuwezi.

"Tumekuja kuaga," akasema Fisi.

"Mmeshatoka, shemeji. Anaaga aliye ndani."

"Ulijua watakuja!"

"Nilijua. Niliwaambia mara tatu."

Nyati akakwangua tope kwa kwato, akatazama chini, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Mama, tulifanya kila ulichotufundisha. Hatukuamini, hatukushtuka, hatukupayuka mpaka mwisho. Sasa sisi tumekuwa nani? Lipi katika yale matatu?"

Bi Pimbi akafikiri. Alipenda kusema jambo kwa usahihi.

"Hilo bado silijui kwa Kiingereza, Mzee wangu," akasema. "Aliyeziba masikio ili aonekane ana akili, Korongo hajaniambia anaitwaje. Akirudi Ulaya nitamwomba aniulizie."

Nyati akashukuru, wakaondoka wakichechemea kutafuta mahali pengine pakavu. Na pangoni Kokoto alilala tangu alasiri hadi asubuhi, hakukohoa hata mara moja, huku mama yake amekaa macho, anasikiliza, ahakikishe.

Basi jueni hili, wanangu: anayeogopa kuitwa mjinga hata asisikie anayemwonya, ujinga ameshaukaribisha ndani.