Mama Mkwe Yuko Majini

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakisoma shule na kufunga kwa likizo kama nyinyi, Mama Pimbi aliishi kwenye majabali kando ya ziwa. Alikuwa mdogo, lakini akisema neno, limesemwa.

Alikuwa amewaahidi wanawe, "Mkifaulu mtihani, likizo hii mtaogelea mpaka mchoke." Wakafaulu. Likizo ikaja, ikayoyoma, na wanawe hawajalowa hata ukucha. Kila wakishuka ziwani, Kiboko anaibuka, bwaa!

"Tokeni! Ziwa hili langu!"

"Bwana Kiboko, ziwa lote hili?" Mama Pimbi alisihi. "Tunataka pale pembeni tu, penye mchanga."

"Ndipo ninapolala. Haya, potea!"

Siku ya mwisho ya likizo, kitinda mimba wake alilia hadi kwikwi. "Mama, ulituahidi!"

Maneno hayo yalimchoma. Mama Pimbi akajifunga kanga kiunoni. "Mtaogelea leo. Leo hii hii! Nileteeni mtungi."

Sasa, Kiboko alikuwa ameoa majuzi tu. Na kwa desturi ya viboko, mume hamtazami mama mkwe, wala haogi mahali anapooga yeye. Akimwona kwa mbali, hukimbilia kichakani na kugeuza uso. Kwa adabu hiyo Kiboko hakuwa na mchezo.

Mama Pimbi akashuka mbio, akihema. "Hodi, Bwana Kiboko! Una mgeni! Mama mkwe wako amekuja likizo. Yuko nyuma ya jabali anavua kanga, anataka kuogelea!"

"Mama mkwe? Yallah! Na mimi nilivyo hivi?"

Kiboko akatoka majini mbiombio, puru puru puru, akajitosa kichakani, akalipa ziwa mgongo.

"Ingieni!" Mama Pimbi akawanong'oneza wanawe.

Chubwi! Chubwi! Chubwi! Lo, raha iliyoje! Juu maji yalikuwa vuguvugu, chini baridi, yakiwatekenya matumbo. Walipiga mbizi, wakarushiana maji, wakaelea chali wakitazama mawingu. Kitinda mimba alivuta maji puani, akapiga chafya, akacheka, akapiga mbizi tena. Mama Pimbi alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

Jua likapanda. Mgongo wa Kiboko ukaanza kuwaka.

"Pimbi! Ameshatoka?"

"Bado! Ndiyo kwanza anajisugua miguu!"

"Nababuka mwenzio! Mwombe atoke!"

Mama Pimbi akaingiza mdomo kwenye mtungi, sauti ikavuma nzito. "Mkweee! Nasikia unafukuza watoto wa jirani. Ndiyo sababu nikakuoza binti yangu?"

"Nisamehe, mama! Sirudii!"

"Niapie. Penye mchanga ni pa watoto, kila likizo."

"Naapa kwa jina lako, mama!"

Jioni Kiboko akamsimulia mkewe. Mkewe akashangaa. "Mama? Mama hajatoka kwao tangu tuoane!"

Kiboko akaja majabalini akinguruma. "Pimbi! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, ndiyo," alijibu Mama Pimbi, wala hakurudi nyuma hata hatua. "Basi nenda kwa mama mkwe. Msimame uso kwa uso, umwambie kiapo ulichoapa kwa jina lake unakivunja."

Kiboko akawaza uso wa mama mkwe, akainamisha kichwa. Akageuka, akarudi kwenye kina kirefu, na likizo iliyofuata watoto wa Pimbi walikuwa wa kwanza kulowa.

Basi, wanangu: mdogo akikaza nia na kutumia akili, mkubwa humpisha.